Oman na India: biashara ndiyo iliyozaa urafiki, au urafiki ndio uliozaa biashara?

Mwalimu wa Mkunazini ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi nasomesha historia katika skuli moja ya sekondari hapa mjini Unguja, na nimekuja kwenu na suala ambalo mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza wiki iliyopita, nikamjibu kwa haraka, kisha jibu langu mwenyewe likanikosesha usingizi. Tulikuwa katika somo la pepo za msimu, na yeye, ambaye mjomba wake yuko Muscat, alitaka kujua kwa nini Oman, usultani wa Kiislamu wenye watu wachache, imekaribiana kiasi hiki na India, nchi kubwa ambayo wakaazi wake wengi ni Wahindu. Nikamwambia kuwa ni kwa sababu Wahindi wengi wanafanya kazi Oman. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na kabla ya hao wafanyakazi, Mwalimu?"

Nilikuwa sina la kumwambia. Najua kuwa mwezi wa Disemba 2025 Waziri Mkuu Narendra Modi alikuwa mgeni wa Sultan Haitham mjini Muscat, na kwamba nchi mbili hizo zilitia saini mkataba mpana wa ushirikiano wa kiuchumi katika mwaka uleule zilipotimiza miaka 70 ya uhusiano wa kibalozi ulioanza 1955. Lakini miaka sabini ni umri wa mzee mmoja tu, na mtoto yule aliuliza kilichotangulia. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: je, ukaribu huu umetokana na biashara, na siasa ikaufuata nyuma, au watawala ndio waliofungua njia na wafanyabiashara wakapita? Habari za Zanzibar zitajwe pale zinapoangaza suala lenyewe, kwani najua hapa kwetu mazungumzo ya Oman hayachelewi kugeuka mazungumzo ya mengine.

Maalim wa Wete amejibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Mpe mwanafunzi wako hongera zangu, kwa sababu ameuliza lile ambalo waandishi wengi wa magazeti hulipita.

Mimi ningeanzia kwenye mti. Oman haina misitu ya kutoa mbao za vyombo vikubwa, na hata hivyo watu wa Sur, mji wa pwani wa Oman, walisifika kwa kuunda majahazi yaliyofika mpaka bandari zetu. Mbao zile zilikuwa za msaji, na msaji ulitoka pwani ya Malabar, upande wa kusini-magharibi wa India. Kwa hiyo Muomani hakuweza hata kuondoka nyumbani kwake bila ya India, kwani chombo chenyewe kilikuwa cha mti wa India. Mchele na nguo zilitoka huko pia. Naye alikuwa na cha kurudisha: farasi, lulu, na tende, khasa zile za aina ya mabsali, ambazo huchemshwa zikiwa bado hazijaiva sawasawa, kisha zikaanikwa juani na kupelekwa India, ambako hutumika katika sherehe za harusi. Upepo uleule wa kaskazi unaotuletea vyombo hapa ndio uliotoa majahazi Gujarati na Malabar kuelekea Arabuni, na kusi ikayarudisha. Msomeshe hivyo, na somo lako la msimu litakuwa limemjibu nusu ya suala lake.

Nusu ya pili ni watu. Wafanyabiashara wa Kibhatia kutoka Kutch, upande wa Gujarati, khasa bandari ya Mandvi, walihamia Muscat vizazi vingi kabla ya kuwapo balozi yeyote. Sisi tuliwaita Mabaniani, neno linalotokana na jina la Kigujarati la mfanyabiashara. Hao walikopesha fedha, walinunua tende na lulu, na wakakodi kwa masultani haki ya kukusanya ushuru wa forodha. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipoleta makao yake Unguja, utaratibu huo ulikuja naye, na nyumba ya Jairam Sewji wa Kutch ndiyo iliyoshika forodha ya hapa kwa miaka mingi. Tuseme kweli kuwa haukuwa urafiki wa mahaba: mtawala alihitaji fedha taslimu, na mfanyabiashara alihitaji ulinzi pamoja na uhuru wa kuabudu. Kila mmoja alimpa mwenzake alichokosa. Ndiyo maana mpaka leo hekalu la Kihindu la Motishwar limo Muscat ya zamani, si mbali na kasri ya Al Alam, na ndiyo maana Kanaksi Khimji, mkuu wa kampuni ya Khimji Ramdas iliyoanzishwa mwaka 1870, alipewa cheo cha sheikh ilhali alikuwa Mhindu. Alifariki mwaka 2021 akiwa raia wa Oman.

Siasa ilikuja baadaye, na ilikuja kwa mkono wa Mwingereza. Katika karne ya kumi na tisa na nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, mambo ya Muscat yalisimamiwa na Serikali ya Uingereza iliyokuwa India, si na London moja kwa moja. Kila anayesoma historia ya Zanzibar anajua kuwa Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe Thuwaini na Majid waligombania urithi, na kwamba mwaka 1861 ukatolewa uamuzi wa kuzitenganisha Oman na Zanzibar, huku Zanzibar ikitakiwa kuilipa Muscat riale 40,000 kila mwaka. Lakini ni wangapi huuliza uamuzi ule ulitolewa na nani? Ulitolewa na Lord Canning, aliyekuwa mtawala mkuu wa India kwa niaba ya Uingereza. Urithi wa Waarabu wawili, mmoja Muscat na mwengine Unguja, uliamuliwa India.

Baada ya hapo watawala wenyewe wakaanza kuiendea India kama watu waendavyo kwa jamaa zao. Sultan Said bin Taimur alisoma Mayo College, mjini Ajmer. Baba yake, Taimur bin Feisal, aliacha ufalme mwaka 1932 na akafia Bombay mwaka 1965. Sultan Qaboos, mwana wa Said bin Taimur, naye alipata sehemu ya elimu yake ya utotoni Pune. India ilimtunuku Nishani ya Nehru ya mwaka 2004 na, baada ya kufariki kwake, Nishani ya Amani ya Gandhi ya mwaka 2019.

Kwa hivyo, Mwalimu, jibu langu ni kuwa biashara ndiyo mama, na huo ubalozi wa 1955 ni mtoto aliyechelewa kuzaliwa.

Bint Malindi amejibu:

Maalim, ahsante, umetufungua macho. Mimi niliishi Ruwi, mjini Muscat, miaka saba kwa dada yangu, na nitaongeza la kichwani, kwa maana ya kichwa chenyewe. Mtazame Muomani aliyevaa rasmi. Kofia yake ya kushonwa kwa mkono ni ndugu wa kofia zetu za viua, na wao wenyewe hukiri kuwa mtindo ule umepita Zanzibar. Kilemba anachokizungusha juu yake, kile kizuri cha sufu laini, asili yake ni Kashmir. Basi Unguja na India hukutana juu ya kipaji cha mtu mmoja asubuhi anapokwenda kazini. Udi wanaoufukiza, ule wa thamani, mwingi hutoka Assam. Mjini Mutrah utawakuta Walawatia, Waislamu wa Kishia ambao asili yao huhusishwa na Sind na nchi za jirani yake, na mtaa wao wa ukuta, Sur al-Lawatia, uko ufukweni; hao ni Waomani kamili, mawaziri na wafanyabiashara, na nyumbani wana lugha yao.

Lakini sipendi tukazungumza kana kwamba Wahindi wote wa Oman ni akina Khimji. Wanaokadiriwa kuwa zaidi ya laki sita wako kule, na walio wengi hawana duka wala cheo. Ni wajenzi, madereva, wauguzi, wapishi, na wafanyakazi wa nyumbani ambao ukaazi wao hufungwa kwa tajiri aliyewaleta. Mpaka mwisho wa 2020 mfanyakazi hakuweza kuhamia kwa tajiri mwengine bila ya barua ya ridhaa ya yule wa kwanza, na sharti hilo likaondolewa Januari 2021. Jirani yetu mmoja, fundi umeme kutoka Kerala, kusini mwa India, alikaa miaka miwili zaidi kuliko alivyotaka kwa sababu ya barua hiyo, na tajiri wake alikuwa mtu wa kuswali. Tangu mwaka 1988 Serikali ya Oman imekuwa na mpango wa kuwapa raia kazi zilizoshikwa na wageni, jambo ambalo ni haki yao, lakini kila orodha ya kazi zilizofungwa inapotoka, nyumba nyingi za Kerala hukosa usingizi. Mwanafunzi wako asiambiwe kuwa jibu lako la kwanza lilikuwa la makosa, Mwalimu. Lilikuwa nusu ya ukweli.

Mchuuzi wa Darajani amejibu:

Namheshimu sana Maalim, lakini naona historia yake imeelemea upande mmoja. Ikiwa msaji, tende na Mabaniani ndio sababu, basi Oman ingekuwa ndiyo mshirika mkubwa wa India katika Ghuba. Sivyo ilivyo. Katika mwaka wa fedha wa 2024–25, biashara ya bidhaa baina ya India na Oman ilipita kidogo dola bilioni 10, ilhali ile ya India na Falme za Kiarabu ilifika kiasi cha dola bilioni 100. Dubai haikuwahi kuwa na mamlaka ya baharini kama Muscat, lakini ilijenga bandari na ikalegeza masharti, basi biashara ikahamia huko. Falme za Kiarabu zilitia saini mkataba wao na India mwezi wa Februari 2022; Oman imefuata karibu miaka minne baadaye. Mafuta ghafi ya Oman nayo, sehemu kubwa kabisa huenda China, si India. Na lile bomba la gesi la chini ya bahari baina ya Oman na India limezungumzwa tangu miaka ya tisini, likapigiwa hesabu za kina cha zaidi ya mita 3,000, na mpaka leo halijalazwa.

Nikitakiwa kutaja kitu kimoja kinachozifunga nchi hizi leo, nitataja mbolea. Hapohapo Sur, mji wa majahazi ya Maalim, kuna kiwanda cha mbolea ya urea cha Oman na India kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 2000, nusu yake ikiwa ya Oman na nusu ikiwa ya vyama viwili vya ushirika wa mbolea vya India, yaani IFFCO na KRIBHCO. Oman inatoa gesi, kiwanda kinatoa takriban tani milioni 1.65 za urea kwa mwaka, na kwa muda mrefu mzigo ule uliuzwa India chini ya mkataba. Mkulima wa mpunga wa India hajui lolote la Seyyid Said, lakini akikosa mfuko ule shamba lake linaona.

Kuhusu ulinzi nitasema kidogo. Majeshi ya majini ya nchi hizi yamekuwa yakifanya mazoezi ya pamoja tangu 1993, na mwaka 2018 India iliruhusiwa kuitumia bandari ya Duqm kwa huduma za manowari zake. Duqm iko nje ya mlango bahari wa Hormuz, ile njia nyembamba ya kutokea Ghuba, na kwa mwenye macho hilo halihitaji maelezo.

Maalim wa Wete amejibu:

Mchuuzi, hesabu zako sizipingi, na hili la Dubai umenishika. Ila angalia ulichokiandika: jana msaji ulikwenda Sur ukatoka jahazi, leo gesi inaingia kiwandani Sur inatoka mbolea, na mshirika ni yuleyule. Tofauti kubwa ni ya wingi tu. Falme za Kiarabu zinauziana na dunia nzima, na India ikiwamo. Oman haikuhitaji kutambulishwa kwa India.

Na jambo moja nililisahau. Oman ilikuwa ikitumia rupia ya India. Dhahabu ilipokuwa ikivushwa kwa magendo kuingia India na rupia zikitoka nje kuilipia, Benki Kuu ya India ilitoa mwaka 1959 noti maalumu za kutumika Ghuba tu. Kuwait iliziacha 1961, Bahrain 1965, Qatar na sehemu kubwa ya zile zilizokuja kuwa Falme za Kiarabu mwaka 1966. Oman ilibaki nazo mpaka 1970, ndipo ikatoa riale yake.

Mwalimu wa Mkunazini amejibu:

Nawashukuru nyote, na naona nimepata zaidi ya nilichokiomba. Hili la rupia nitalitumia darasani, kwa sababu na sisi tulikuwa na rupia ya Zanzibar tangu 1908, yenye thamani sawa na ya India, mpaka ikaondolewa na shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936. Kisha nikakumbuka kuwa sehemu ndogo ya riale ya Oman huitwa baisa, na elfu moja hufanya riale moja, wakati Wahindi wanasema paisa. Je, ni sawa nikimwambia mwanafunzi kuwa neno letu "pesa" ni lile lile?

Bint Malindi amejibu:

Ni lile lile, Mwalimu, wala usitie shaka. Kama utapata, mwoneshe na pesa ya shaba ya Seyyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria. Marehemu bibi yangu alikuwa nayo moja ndani ya kijaluba cha tambuu. Upande mmoja una maandishi ya Kiarabu ya jina la Sultan, na upande wa pili pamechorwa mizani.