Yule fundi wa rangi na baiskeli (mnamjua wote): leo amenimaliza, nisaidieni kulia

Kanyaga_Taratibu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Leo sina salamu.

Naandika nikiwa na rangi vidoleni maana haijakauka, na kwa ninavyoiona haitakauka kabla ya uchaguzi ujao. Jina sitaji. Hakuna haja. Yule wa kofia ya sufi jua la saa saba, mkabala na steji ya boda, ambaye ukimuuliza kazi imefika wapi anajibu "iko mwishoni" tangu enzi za Obote. Huyo huyo. Kama wewe hajakupiga, basi shemeji yako kapigwa.

Nilimpelekea Peugeot ya mbio ya miaka ya 80. Niliichomoa soko la Owino, hapa Kampala, chini ya rundo la magodoro. Chuma chembamba, maungio ya fremu yana mikato ya urembo, mtu ukiigonga kwa kucha inalia vizuri. Maelezo niliyompa hata mtoto wa chekechea angeyashika: rangi ya zamani itoke yote mpaka chuma kionekane, msasa, praima, kijivu tabaka nyembamba nyembamba, vanishi juu. Gia zote zitoke. Mbele ibaki sahani moja ya meno 46, nyuma meno 18, iwe fiksi: tairi likizunguka na kanyagio zinazunguka, hakuna kupumzisha mguu. Breki ya nyuma aitoe. BREKI YA MBELE IBAKI. Nilimwandikia. Nilimchorea. Nilimwekea na mshale.

Leo nimeenda kuichukua.

Kijani. Kijani ya geti. Amepaka kwa brashi, juu ya kutu, juu ya stika, juu ya grisi, juu ya nzi. Kuna nzi mzima kwenye bomba la chini, miguu yote sita inahesabika. Mnyororo kijani. Spoki kijani. Kiti cha ngozi, jamani, kijani. Mwanawe alikuwa amekaa pembeni na sikio moja la kijani, sikuuliza.

Hayo yote ningeyameza. Nikashika usukani, natafuta breki. Hakuna mkono wa breki, hakuna waya, hakuna kitu. Nikamuuliza kwa heshima zote, fundi, breki ya mbele iko wapi? Akatoa meno yote nje, mbele ya steji nzima, mbele ya mama wa rolex (chapati na mayai), akasema:

"Ssebo (bwana), breki nimekutolea bure."

BURE. Yaani kazi ya kuing'oa breki yangu hakunitoza. Zawadi.

Nikasema basi nipe breki yangu. Akasema kuna mtu alikuwa na shida, ameshamfungia. Kwani mimi sina shida? Mimi nateremka kilima cha Namirembe kila asubuhi!

Nyuma ndiyo msiulize. Hakununua kigia cha fiksi. Amechukua friwili ileile ya zamani (kigia cha nyuma kinachoachia ukiacha kukanyaga) akaichomelea kwa umeme isiachie. Mbele ameacha sahani ya meno 52, mnyororo kauweka kwenye meno 14. Pigeni hesabu: ukikanyaga mzunguko mmoja tairi linazunguka karibu mara 3.7, unakwenda karibu mita 8. Kupanda siwezi, kushuka sisimami. Halafu mtu ananiangalia machoni ananiambia breki bure.

Steji wamecheka mpaka mmoja kaanguka na pikipiki yake imesimama.

Mjukuu_wa_Busia

Nimesoma mpaka chini natafuta tatizo, sijaliona. Hapa Busia wazee wetu walivusha abiria mpakani kwa baiskeli tangu miaka ya 60, ndiko boda boda ilikozaliwa, hakuna aliyelilia rangi. Breki ilikuwa kandambili. Unakandamiza soli kwenye tairi, unasimama, unashusha gunia. Wewe una Peugeot unalia.

Kanyaga_Taratibu

Hujanielewa. Silii rangi. Alisema BURE. Angesema amesahau, ningesamehe. Angesema imeibwa, ningesamehe. Alitegemea nimshukuru.

Sikio_la_Kijani

Nimebadilisha jina la akaunti kwa heshima ya huyo mtoto. Endeleeni.

Nati_na_Bolti

Mkuu, pole, lakini hiyo baiskeli usiipande hata kwenda chooni, na sababu siyo breki peke yake.

Friwili hukazwa kwenye habu (kitovu cha tairi) kwa kufuata mshale wa saa. Ukikanyaga mbele inajikaza. Fiksi unapunguza mwendo kwa kuzuia kanyagio kwa miguu, yaani unasukuma kinyume. Weld ikishika vizuri, friwili nzima inajifungua kutoka kwenye habu. Weld isiposhika, inakatika. Hapo huna cha kuchagua. Habu halali ya fiksi ina ngazi mbili: kigia kinakazwa kulia, halafu nje yake kuna ringi ya kufungia yenye nyuzi za skrubu za KUSHOTO. Kigia kikitaka kufunguka, ringi inakaza. Ndiyo siri yote.

Na fremu yako ya wakati huo nyuma huenda ina upana wa milimita 126, habu ya fiksi ni 120. Unaweka washa za milimita 3 kila upande, umemaliza. Bahati yako zile fremu za zamani mianya ya ekseli imelala, unavuta tairi nyuma mpaka mnyororo ukaze. Za siku hizi mianya imesimama, ungelia zaidi.

Swali moja tu: alipopaka rangi, aliziba kwa selotepu nyuzi za skrubu pale kranki (mhimili wa kanyagio) inapopita?

Kanyaga_Taratibu

Hakuziba KITU. Amepaka mpaka gololi. Ukizungusha kranki inatoa ute. Lakini mkuu, rudi kwenye hoja: mtu anasimama mbele ya watu wazima anasema

Mjukuu_wa_Busia

Breki bure. Tumesikia.

Pedali_Jinja

Samahani wakubwa, mimi nitamtetea fundi. Fiksi yenyewe haina breki. Wajapani wanakimbia keirin, mbio za baiskeli za uwanjani, tangu 1948, breki hakuna, na wanalipwa. Jamaa alikuelewa kuliko ulivyojielewa.

Nati_na_Bolti

Wajapani wako uwanjani, wanazunguka duara, wote wanaelekea upande mmoja. Hakuna kamunye (basi dogo la abiria) inayofunga breki katikati ya barabara kwa sababu kondakta kaona mama mwenye ndizi. Hakuna boda inayokuja upande wako ikiwa na sofa. Na mashimo je? Mwaka 2023 watu walifungua maonyesho mtandaoni ya mashimo ya Kampala, picha juu ya picha. Weka breki ya mbele, acha ubishi.

Pedali_Jinja

Fiksi unaweza kufunga tairi la nyuma ukateleza.

Nati_na_Bolti

Kwa 52 na 14? Goti lako litabaki Namirembe, wewe utafika Old Kampala.

Mama_Geti

Ngojeni kwanza. Hiyo kijani ni ile iliyoiva sana, inayokaribia nyeusi ukiwa kivulini?

Kanyaga_Taratibu

Ndiyo dada. Kwa nini?

Mama_Geti

KWA NINI? Kwa sababu nilimnunulia huyo huyo bwana wa kofia rangi ya kutosha geti langu lote, akapaka upande mmoja akaniambia rangi imekwisha, geti langu ni kubwa "kuliko linavyoonekana". Nimeishi na geti nusu kijani nusu kutu, wageni wanauliza kama nimegombana na mume wangu tukagawana nyumba. Kumbe nusu yangu inatembea mjini! Naomba uilete hiyo baiskeli niikwangue.

Kanyaga_Taratibu

Dada yangu, mimi ndiye niliyeonewa hapa.

Mama_Geti

Wewe umekaa juu ya rangi yangu. Kihalisi. Kiti cha ngozi umesema.

Sikio_la_Kijani

Mimi nina jina tu, rangi yako sina, mama.

Mtulivu256

Niulize nje ya mada kidogo. Juzi kuna fundi (mnamjua) amenifungia breki ya mbele kwenye baiskeli yangu, mamba mweusi. Elfu ishirini tu. Nzuri sana, inang'aa, ina maandishi ya Kifaransa. Vipuri vyake vinapatikana wapi?

Kanyaga_Taratibu

Uko wapi.

Mtulivu256

Jamani nilikuwa nauliza tu.

Kanyaga_Taratibu

UKO WAPI. Andika mtaa.

Mjukuu_wa_Busia

Kwa hiyo kuitoa ilikuwa bure, kuifunga ni elfu ishirini. Huyu fundi anafaa kuwa waziri wa fedha.

Mtulivu256

Breki ni yangu, nimelipa, na kusema kweli inashika. Nimeshuka kilima cha Mutundwe na mikungu ya matooke bila kutumia mguu, mara ya kwanza maishani. Siirudishi. Mungu akubariki popote ulipo.

Bibi_Harusi_Mtarajiwa

Nyie mna raha, mnalilia chuma. Mimi fundi wangu wa nguo (huyu pia mnamjua, yule wa redio kubwa) kanishonea gomesi (vazi letu la heshima) ya kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba nyumbani, bega moja limesimama lingine limelala. Nikamwambia rekebisha, akasema nikitembea nimeinama kidogo hayataonekana. Kwanjula ni Jumamosi!

Mama_Geti

Yule wa redio? Mwanamke, kimbia. Kanzu ya mume wangu aliikata fupi, tukaambiwa ndiyo mtindo. Mume wangu akaenda nayo kwa wakwe, wakamuuliza kama amevuka mto.

Pedali_Jinja

Kanzu fupi ndiyo sahihi kwa mpanda baiskeli ya fiksi, haiingii kwenye mnyororo.

Kanyaga_Taratibu

Wakuu, tusitoke kwenye mada. Nataka kujua nimfanye nini. Nimfuate kesho na karatasi yangu yenye mshale, au niende na mtu? Kwa sababu lile neno lake bado

Bibi_Harusi_Mtarajiwa

Mama Geti, unamjua mwingine anayeweza kufumua mabega kwa siku mbili? Kitambaa nilinunua ghali, siwezi kuanza upya.

Mama_Geti

Yupo mmoja Ndeeba, binti mdogo, hana redio. Anafumua, anapiga pasi, anakurudishia hata vipande. Lakini nenda mapema, na usimwachie pesa yote.

Sikio_la_Kijani

Anashona na suti za wanaume?

Mama_Geti

Anashona. Ila usimpelekee kitambaa kinachovutika, hapo anakasirika.