Mrejesho: meza yangu ya kuparia samaki, Malindi

Assalamu alaikum ndugu zangu. Miezi mitatu iliyopita niliuliza niweke nini juu ya meza ya kuparia samaki, maana ubao wangu wa mwembe ulijaa mikato na shombo lilikuwa halitoki hata nikiusugua kwa sabuni. Ahsanteni sana nyote mliojibu.

Nilimsikiliza aliyesema niachane na mabati, kwa kuwa zinki yake huliwa na chumvi, nichukue stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) ya aina ya 316, inayostahimili chumvi zaidi. Bei ilinishinda, nikachukua aina ya 304, ambayo ni nafuu ila haistahimili chumvi kama ile. Fundi akaiinamisha kidogo upande mmoja ili maji na damu vitiririkie kwenye ndoo. Hilo la kuinamisha limenifaa kuliko yote: nzi wamepungua, na nikishamaliza kolekole wa mwisho nasuuza mara moja tu. Kukata nakatia kwenye ubao mweupe wa plastiki, kisu kisigonge chuma kikapoteza makali.

Palipoharibika ni hapa. Kijana wangu aliisugua kwa waya wa chuma, na baada ya wiki madoa ya kutu yakatokea. Ndimu na brashi laini vimeyatoa mengi, ila ya kwenye maungio aliyochomelea fundi bado yapo.

Dada aliyenionya nisilaze dawa ya klorini juu ya meza usiku kucha, maana nayo hula stenlesi, nakushukuru kwa moyo wote. Sasa naiweka dakika chache, kisha nasuuza kwa maji ya mfereji.

Mwenye uwezo, na anayekaa karibu na bahari kama mimi, anunue 316 tangu mwanzo. Mungu awalipe.