MJADALA: Mwalimu kuwaambia Wajerumani Magharibi wachukue misaada yao yote 1965, alikosea?

Wakuu habari za jioni. Juzi kwenye kahawa pale mtaani palizuka ubishi mkali mpaka kahawa zikapoa, ishu yenyewe ya zamani lakini naona bado inatugusa kwa hiyo nailetea uwanja mpana. Mzee mmoja anayeheshimika sana pale alisema kosa kubwa la Nyerere enzi za Vita Baridi halikua Ujamaa wala vijiji, lilikua ule mwaka 1965 alipowaambia Wajerumani Magharibi wabebe kila kilicho chao. Kwa maneno yake, nchi maskini haina haki ya kususa. Mimi nilikataa pale pale na bado nakataa.

Kwa ambao hawaijui hii stori: baada ya Vita Kuu ya Pili Ujerumani ilikatwa vipande viwili, Magharibi yenye makao yake Bonn ikawa na Marekani, Mashariki ikawa na Mrusi. Toka 1955 Bonn wakawa na msimamo wao unaoitwa wa Hallstein, kwamba nchi ikiitambua Ujerumani Mashariki basi urafiki na Bonn umekwisha. Na hawakua wanatishia tu, Yugoslavia walikatiwa uhusiano 1957, Cuba 1963. Sasa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ikawatambua hao Mashariki, ya kwanza Afrika nzima, wakafungua ubalozi pale Unguja. Haijapita miezi minne, tarehe 26 Aprili, Muungano. Ndo hapo mtihani ulipoanza maana Tanganyika ni rafiki wa Bonn, Zanzibar ni rafiki wa Berlin Mashariki, na sasa wote ni nchi moja yenye waziri mmoja wa mambo ya nje.

Mwalimu alihangaika miezi kibao kutafuta njia ya katikati. Februari 1965 ikapatikana hii: ule ubalozi wa Zanzibar ushushwe hadhi, Mashariki wawe na ubalozi mdogo Dar, lakini serikali isiwatambue rasmi kama nchi. Yaani ukiangalia vizuri Bonn walikua wamepata karibu kila kitu walichokua wanadai. Hawakuridhika. Wakawaondoa ghafla wakufunzi wao waliokua wanatusaidia kuanzisha kikosi cha anga na doria ya majini, na ikaeleweka kwamba misaada mingine nayo inategemea tutajibu nini. Mwalimu akasema basi, na iliyobaki nayo chukueni.

Hasara ilikuepo, tusidanganyane. Mwaka mmoja tu nyuma, Januari 1964, Tanganyika Rifles walikua wameasi mpaka ikabidi tuwaombe Waingereza waje kutuliza, JWTZ imeundwa Septemba mwaka huo huo, jeshi bado changa kabisa, halafu wakufunzi wa ndege wanafungasha. Anayesema ilikua hatari simbishii. Bahati nzuri Wakanada walikuja kushika ile kazi ya kufundisha kikosi cha anga, na Kanada ni NATO kama Bonn, kwa hiyo hata ile hoja kwamba tuliwapa mgongo Wamagharibi wote naona haisimami.

Ila watu wanasahau swali lenyewe lilikua nini. Halikua unaipenda Ujerumani ipi. Lilikua ni hili, Karume aambiwe na Bonn kupitia mdomo wa Nyerere amfukuze rafiki aliyemchagua mwenyewe kabla ya Muungano? Muungano una miezi kumi! Hapo ungekua umewaambia Wazanzibari mchana kweupe kwamba wameungana na nchi ambayo nayo inaendeshwa kutoka Ulaya. Hakuna fedha za msaada ambazo zingeziba hiyo nyufa, na mimi naamini Muungano ungevunjika kabla haujajifunza kutembea.

Na angalieni kilichowapata Bonn wenyewe. Mwaka 1967 wakaanzisha uhusiano na Romania ambayo ilikua inaitambua Ujerumani Mashariki siku zote, 1972 wakasaini mkataba na hao hao Mashariki, 1973 Ujerumani zote mbili zikaingia Umoja wa Mataifa. Miaka minane! Wangekua wametulazimisha tuvunje nyumba yetu kwa ajili ya msimamo ambao wao wenyewe walikuja kuutupa.

*

Nimerudi, nimesoma michango yote. Kuna aliyeandika kwamba tulitoka mikononi mwa mabeberu tukaenda kujikabidhi kwa Mchina, akatolea mfano TAZARA. Mkuu, TAZARA tuliipeleka kwanza kwa Wamagharibi, Benki ya Dunia wakasema hailipi, ndo Mchina akakubali kwa mkopo usio na riba, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ujenzi ukaanza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976. Na miaka hiyo hiyo Wamarekani walikua wanatujengea barabara kuu ya kwenda Zambia, sehemu nyingi inaenda sambamba na reli. Mchina huku Mmarekani kule kwenye njia moja, mtu aliyejikabidhi upande mmoja hawezi kupata hivyo.

Mwingine amegusa Zanzibar, kwamba Wajerumani Mashariki hawakujenga tu majumba ya Kikwajuni, walisaidia pia kufundisha idara ya usalama ya Karume, na watu waliteswa. Hili linaniuma na silitetei. Kuna familia hazijawahi kupewa jibu mpaka leo. Haki ya Zanzibar kuchagua marafiki ni jambo moja, alichofanyiwa mwananchi wa Zanzibar kwa utaalamu wa hao marafiki ni jambo lingine, na sitaki la kwanza litumike kulifunika la pili.

Ila bado narudi kwa mzee wangu wa kahawa na wote mnaomuunga mkono humu, maana hakuna aliyenijibu hili: tuseme Februari ile Mwalimu ameinama, ubalozi wa Unguja umefungwa kabisa, wakufunzi wamebaki, hela zimebaki. Mwezi unaofuata Bonn wakija na sharti la pili mnawaambia nini, na Karume akiuliza aliungana na nani, anajibiwa nini?