Ofisi za kushea ni za wajasiriamali wote au za wenye laptopu na Kiingereza tu?

MLETA MADA
Wakuu habari zenu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana kila likitajwa watu wanakimbilia kusema "ni biashara ya mtu, kama huwezi kulipa kafanyie kwako". Nazungumzia hizi ofisi za pamoja, wengi tunaita hab, unalipia meza unapata waifai, chumba cha kikao na kahawa. Dar zimejaa, Masaki, Mikocheni, Posta, na matangazo yao yote yanasema karibuni wajasiriamali wote, lakini ingia uone ni nani wamekaa mle.

Mimi nasema kinachowafungia watu nje ni ratiba, lugha na namna ya kulipa, na hivyo vyote mwenye hab anaweza kuvibadilisha kesho asubuhi bila kusubiri mfadhili.

Ratiba ndiyo inaniuma zaidi. Vile vikao vya kujuana, ambako ndiko dili zinakopatikana kweli maana mtu anakutana na mtu anampa kazi palepale, vinawekwa saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku. Dada mwenye mtoto mchanga anayekaa Mbagala au Chanika atabakije Masaki mpaka saa hizo halafu aanze kugombania gari? Muislamu naye, magharibi inaingia katikati ya kikao, hakuna hata kona ya kuswalia, mezani ni bia, basi anaondoka kimyakimya na mwezi ujao harudi, halafu mwenye hab anasema memba hakuwa siriasi. Kikao hichohicho kikifanyika saa saba mchana watu wakala wali maharage wakaongea, kinapungukiwa nini?

Lugha. Mama anauza unga wa lishe, ana wateja, faida yake anaijua mpaka shilingi ya mwisho, akisimama kupichi, yaani kuinadi biashara yake mbele ya majaji, anaambiwa aongee Kiingereza, anatetemeka anakaa chini. Anapita kijana mwenye slaidi nzuri ambaye hana mteja hata mmoja. Na majaji wote Watanzania! Kama kuna mgeni mmoja basi mtu wa kumtafsiria akae karibu naye, sio ukumbi mzima uhamie kwenye lugha yake.

Malipo sitarefusha. Bei kwa dola kanuni za serikali za Machi 2025 zimeshakataza, safi sana, bado hili la kulipa mwezi mzima mbele. Muuzaji mdogo hela yake inaingia kwa siku, muuzieni meza kwa siku, hata nusu siku, alipe kwa simu. Tena huyo ndiye anayeihitaji hab kuliko wote, maana akienda kuomba leseni ya biashara anadaiwa mkataba wa pango na yeye anafanyia kazi sebuleni.

MCHANGIAJI 1
Mkuu unaongea vizuri ila inaonekana hujawahi kulipa kodi ya jengo. Mimi naendesha hab ndogo, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, hapo sijaweka faiba, jenereta, mlinzi na usafi. Buni Hab pale Sayansi, kwenye jengo la COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), ilianza 2011 kwa mradi wa Tanzania na Finland, tena ndani ya jengo la serikali, hao walikuwa na uwezo wa kufungulia watu mlango bila kuwaza kodi. Mimi nikiuza meza kwa siku, leo wanakuja kumi, kesho wawili. Na wanaolipa kwa mwezi wanataka utulivu, mtoto akilia mara mbili wanahama. Msiniite mbaguzi kwa hilo.

MCHANGIAJI 2
Niko Nairobi. Huku hab inayoitwa iHub ilifunguliwa Machi 2010, jengo la Bishop Magua pale Ngong Road, na waliweka ngazi za uanachama, kuna wa bure wa mtandaoni, kuna waliochaguliwa wakatumia nafasi bila kulipa, na kuna wa kulipia dawati. Mlango ulikuwa wazi hivyo lakini mwaka huohuo wanadada wa teknolojia wakaona bado ni wachache sana kwa hii fani wakaanzisha AkiraChix, wakaenda kuwatafuta wasichana na kuwafunza wenyewe. Kwa hivyo kungoja watu waje haitoshi. Ila pia iHub ilinunuliwa na CcHub, hab ya Nigeria, 2019, so huyo wa hapo juu akiuliza nani atalipa, ni swali halali. Hiyo ya mtoto kulia sikubali. Sheria yetu ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha, mbona ofisi ya kushea ijifanye haihusiki?

MCHANGIAJI 3
Mimi natumia kiti cha magurudumu. Hela ya mwezi ninayo, Kiingereza ninacho, laptopu ninayo. Hab iko ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu hapa Tanzania tunayo tangu 2010.

MLETA MADA
Mchangiaji wa kwanza, kodi nimekuelewa kaka, na sikuombi ugeuze ofisi nzima iwe ya bure. Meza zinazokaa tupu asubuhi unazijua, uza hizo kwa siku, za mwezi ziache zilivyo. Mtoto akilia kuna kile chumba cha kupigia simu, kina mlango, weka kiti kizuri mama akae. Kikao kuhamia mchana hakiongezi kodi hata senti. Na msome huyo ndugu aliyeandika mwisho, ana kila kitu ambacho hab zinakitaka kwa mteja na bado yuko nje, kwa hiyo hili la "asiye na hela asilalamike" haliwezi kuwa jibu la kila kitu.

Wenye hab wengine mlio humu tuambieni, ni lini mara ya mwisho mlifanya kikao cha mchana, kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, kwenye ukumbi usio na ngazi? Na walikuja akina nani ambao jioni huwa hawaonekani?