Kugawa mikondo kidato cha kwanza (Tanzania) au Gredi ya 10 (Kenya): utaratibu upi unamfaa mtoto?

Mwalimu wa Fizikia, Iringa

Ndugu zangu, wazazi wananiuliza swali hili kila muhula, nami nimeona nililete tulipime pamoja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari, na imeigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, tangu kidato cha kwanza. Darasa la saba litakapokuwa limeondolewa, mtoto ataingia mkondo wake akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Kenya, kwa upande wake, imefuata mfumo wa 2-6-3-3-3 (miaka miwili ya awali, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya Sekondari Pevu na mitatu ya chuo), ambamo wanafunzi husoma masomo ya pamoja hadi Gredi ya 9, kisha huchagua katika Sekondari Pevu, wakiwa na miaka 15 hivi, kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026.

Mimi naelemea upande wa kugawa mapema. Mkono wa fundi haufunzwi kwa muhula mmoja, na mtoto aliyeshika randa kwa miaka minne hawezi kulinganishwa na aliyeisoma kwenye kitabu.

Mama wa Nakuru

Asante, Mwalimu. Kijana wangu alipokuwa Gredi ya 7 hakutaka kusikia lolote ila kandanda. Alipomaliza Gredi ya 9 alichagua sayansi kwa sababu anapenda mambo ya umeme. Ningelazimika kumchagulia akiwa na miaka 12, ningekosea, na kosa hilo angelibeba yeye.

Hata hivyo sitaki kuusifu mfumo wetu kupita kiasi. Miaka mitatu ya sekondari ya chini ilikusudiwa kumsaidia mtoto atambue kipaji chake, lakini madarasa hayo yamewekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi kati yake hazina maabara. Mtoto atatambuaje kwamba anaweza kazi ambayo hajawahi kuigusa? Hata Hisabati ilikuwa imepangwa iwe ya hiari katika Gredi ya 10, hadi wazazi na walimu walipolalamika, na mwaka 2025 wizara ikairejesha kwa wote katika viwango viwili.

Mkufunzi wa uchomeleaji, Morogoro

Naomba nitofautiane kidogo na Mwalimu, kwa heshima. Umri ni jambo la pili. La kwanza ni karakana. Tanzania ilikwisha kuwa na michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu (maarifa ya nyumbani) katika sekondari tangu miaka ya 1970, na Kenya iliingiza masomo ya ufundi katika mfumo wake wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) mwaka 1985, wazazi wakachangishana kujenga karakana. Mataifa yote mawili yalikuwa na nia njema, lakini masomo hayo yakafifia shule moja baada ya nyingine, kwa sababu mashine hununuliwa mara moja, ilhali vijiti vya kuchomelea, nyaya, mbao na misumari huhitajika kila juma, na fedha za kuvinunua hazikuwa na fungu la kudumu. Mwanafunzi mwenye bahati alichomelea mara moja kwa muhula, huku wenzake thelathini wakitazama.

Kwa hiyo mzazi anayelinganisha asiishie kuuliza mkondo unaanza lini. Aulize mwanangu atashika kifaa saa ngapi kwa juma, na nani anamfundisha: fundi aliyefanya kazi hiyo, au mwalimu wa somo jingine aliyepewa kipindi kwa kuwa hakuna mwingine.

Binti Fundi, Tanga

Nilisoma ufundi baada ya kidato cha nne, kisha nikajiunga na stashahada. Kilichonifungulia mlango chuoni ni alama zangu za Fizikia na Hisabati. Wenzangu wawili walikuwa na mikono mizuri kuliko mimi, lakini hawakuwa na ufaulu wa masomo hayo, wakabaki nje. Naomba kila mzazi wa mkondo wa amali achunguze masomo ambayo mtoto ataendelea nayo kando ya fani yake, kwa kuwa hayo ndiyo daraja la kurudi akibadili nia.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa

Nimewasoma, na Mkufunzi amenigeuza kwa sehemu kubwa. Bado naamini miaka minne ni bora kuliko mitatu kwa fani za mikono, lakini pale tu ambapo karakana inafanya kazi. Ambapo haifanyi, ningemshauri mzazi ampeleke mtoto mkondo wa jumla na asubiri fursa ya chuo cha ufundi baadaye. Kuhusu hoja ya Binti Fundi, sina la kuipinga.

Jumamosi nitafuatana na wazazi wawili kwenda kuitazama shule ya amali wanayoifikiria. Tutahesabu meza za kazi dhidi ya wanafunzi, tutaomba kuona daftari la stoo ili tujue vifaa viliagizwa lini mara ya mwisho, kisha nitawaandikia tulichokikuta.