Magufuli, Mabibo au Hall za Mlimani? Fasti yia naomba mwongozo

Binti_wa_Ipuli
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Nimemaliza fomu six mwaka huu, namshukuru Mungu nimechaguliwa UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kozi ya sayansi ya kompyuta na mkopo nimepata. Saivi kinachoninyima usingizi ni wapi nitalala. Naambiwa chumba unaombea kwenye ARIS, ule mfumo wa chuo wa mtandaoni, ila kila ninaemuuliza niombe wapi ana lake. Dada mmoja wa kwaya anasema kimbilia hosteli za Magufuli ndo mpya, mwingine aliyemaliza juzi juzi anasema hosteli ya Mabibo ndo kuna maisha, msosi bei poa, halafu nina mjomba alisoma hapo miaka ya 90, yeye hataki kusikia kingine zaidi ya Hall, yale mabweni ya palepale mlimani kampasi kuu, anasema ukilala nje ya mlima hujasoma UD umesoma jirani na UD. Mama nae anataka nikae kwa shangazi Mbagala ili tusilipie kitu, hapo ndo nimechoka kabisa.

Mimi niko Tabora, Dar nimefika mara moja tu nikiwa darasa la tano, tulikuja msibani. Advansi nimesoma bweni kwaiyo dabo deka naijua, kufua najua, foleni ya maji naijua vizuri sana. Ninachoogopa ni usiku, hela kuisha, na kupangwa na watu wa ajabu. Mngekuwa nyie mngeomba wapi? Msinitukane kama swali lilishaulizwa, nimetafuta nimekuta nyuzi za zamani watu wameanza na hosteli wakaishia Simba na Yanga.

Mzee_wa_Madesa
Hongera sana binti. Kwanza nikutoe tongotongo, hapo huchagui kama unavyochagua kitenge sokoni. Unaomba, wao wanakupangia kulingana na nafasi, unapata kontrol namba, unalipia, basi. Fasti yia huwa wanafikiriwa kwanza, msala unaanzaga mwaka wa pili. Kwaiyo swali lako zuri lakini mbele ya hilo kuna lingine, utaomba lini? Maana watu wanakaa wanajadili Magufuli na Mabibo wiki nzima, wakija kufungua ukurasa vitanda vimeshaondoka, wanabaki kuzunguka Changanyikeni na dalali. Dirisha likifunguliwa ingia siku hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku, na kontrol namba ikitoka usiiweke mpaka bumu lije, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu, bumu halina haraka kama wewe. Muombe mjomba akulipie, si anajifanya anaijua UD.

kijana_wa_blok
Magufuli dada, usisumbuke na wengine. Zile hosteli zilifunguliwa Aprili 2017, ni blok 20 na zinabeba wanafunzi 3,840, piga hesabu mwenyewe ni watu 192 kwa kila blok, yaani baada ya mwezi mmoja jirani zako unawajua kwa sura. Ziko upande wa Mlimani City na Sam Nujoma, daladala za kila upande ziko hapo. Darasani ni mguu tu, sema ni kupanda, asubuhi unafika kumbi za mihadhara za Yombo na jasho la kulima, ila kurudi ni kuteremka unajiachia. Kingine mdogo wangu, ukitoka Tabora basi litakushusha stendi ya Mbezi, sasa usije ukamwambia boda "nipeleke Magufuli", atakuangalia atakwambia ndo hapahapa umefika 😂 maana na stendi nayo inaitwa Magufuli. Mimi nilisimama pale na begi na ndoo dakika kumi nabishana na mtu ambae alikuwa sahihi.

Dada_wa_Mandela_Road
Aliyekwambia Mabibo msosi bei poa hajakudanganya, mie nimekaa miaka mitatu. Pale nje jioni ni kama mnada, chipsi, ndizi za kuchoma, wali maharage, mihogo, mtu wa vocha, fundi simu, mama wa kusuka, na sio UD peke yenu maana NIT, chuo cha usafirishaji, kiko mitaa hiyohiyo, kwaiyo wauzaji wanaijua bei ya mwanafunzi, wanajua na tarehe za bumu kuliko nyie wenyewe. Nilikuwa na mama mmoja wa uji, mwisho wa semista nikiishiwa ananiandika kwenye daftari, hela ikija namlipa, hatukuwahi kugombana hata siku moja.

Kinachochosha ni njia. Kwa kilomita sio mbali, ni mbali kwa foleni. Kipindi cha saa moja asubuhi maana yake saa kumi na moja na nusu uko macho, unagombania gari mpaka Ubungo, Ubungo tena unagombania ya Chuo, na konda hataki habari za kitambulisho cha chuo, nauli ni ya mtu mzima. Afu katikati ya siku ukiwa na kipindi asubuhi na kingine saa kumi jioni hurudi kulala, unabaki mlimani unazurura na begi. Mimi ilinisaidia bwana, nilikuwa nashinda maktaba kwa kukosa pa kwenda, GPA yangu yote naidai kwenye foleni ya Mandela. Ila kuna wenzangu kukosa pa kwenda kuliwapeleka kwingine kabisa haha, tuyaache.

Sayansi_kwa_miguu
Jamani hivi mmesoma swali kweli? Kasema KOMPYUTA. Kozi zile ni za CoICT, ndaki ya UD ya mambo ya TEHAMA, na CoICT haiko mlimani, iko Kijitonyama, maeneo ya Sayansi, barabara ya Bagamoyo. Mnampangia binti wa watu safari ya Yombo wakati madarasa na maabara zake zinaweza kuwa huko. Mimi nilifanya kosa hilohilo, nilichagua kwa kufuata marafiki zangu wa shule ya Tosamaganga waliokuwa wanasoma ualimu, wao wanatoka kitandani wanaingia darasani, mimi napanda gari mbili kila siku iendayo kwa Mungu.

Mdogo wangu sikiliza. Cha kwanza tafuta ratiba, au tafuta mtu wa mwaka wa pili wa kozi yako hiyohiyo, sio wa UD tu, wa kozi yako, umuulize vipindi vingi mnasomea wapi. Kama vingi ni Kijitonyama basi piga picha hivi. Ukiwa Magufuli unatokea Sam Nujoma, gari moja mpaka Mwenge, Mwenge unachukua yoyote inayokwenda Makumbusho unashuka Sayansi, na siku huna nauli inatembeka, mimi nimeitembea sana tu. Ukiwa kwenye Hall za mlimani ni hivyohivyo ila unaongeza kipande cha kutoka Chuo mpaka Mwenge. Ukiwa Mabibo unakatiza Shekilango, Sinza yote hiyo mpaka Bamaga, asubuhi ile Shekilango ndugu yangu unaweza kumaliza kusoma desa zima umesimama mlangoni mwa daladala. Na palepale Kijitonyama chuo kina hosteli yake, ni ndogo, usiitegemee ila ukiiona usiipite. Mbagala kwa shangazi nenda jumapili kula pilau.

Geto_Ndo_Uhuru
Mnamtisha mtoto. Hosteli ni mwendelezo wa bweni, kapange geto lako Sinza au Msewe, unapika unachotaka, unarudi saa unayotaka, hakuna wodeni, hakuna rumeti anaeweka alamu saa kumi alfajiri afu yeye mwenyewe haamki. Nimekaa geto tangu mwaka wa kwanza na nimemaliza, sijutii.

Mzee_wa_Madesa
Mkuu wewe baba yako alikulipia geto, tuseme ukweli. Tumpigie binti hesabu ya bumu. Hela ya kula na kulala ni 10,000 kwa siku, tuseme wamekuingizia ya siku 60, hiyo ni laki sita. Umepata chumba cha laki kwa mwezi, na cha laki usitegemee choo ndani. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, laki sita hiyo. Dalali nae anataka ya mwezi mmoja, laki nyingine. Bado hujanunua godoro, hujanunua hata kijiko, na tayari unadaiwa laki. Utakula nini hiyo miezi miwili? Pasi ndefu, unakula saa tisa mlo mmoja unaita ni diet.

Geto_Ndo_Uhuru
Watu wanachangia chumba mkuu, wawili watatu. Lakini sawa, kwa fasti yia asiyeijua Dar nakubali mwaka wa kwanza akae hosteli. Mwaka wa pili atanitafuta.

mama_wawili_sasa
Mimi nitachangia hilo la "watu wa ajabu" maana naona wanaume mmeruka. Chuo nilichosoma ni cha mkoani, sikitaji. Tulikuwa chumba cha wanne, lakini ukihesabu vichwa usiku unakuta sita, wakati mwingine saba, kwa sababu ya kubebana. Utalisikia hilo neno wiki ya kwanza tu. Mwenzako hana kitanda, ni rafiki yako wa shule au mmekutana kwenye foleni ya usajili, analia, unamwambia njoo tubanane wiki moja. Hiyo wiki nilimbeba mtu semista nzima. Kitanda kile cha futi mbili na nusu tulikuwa tunalala mzungu wa nne, miguu yake iko usoni kwangu, na alikuwa mtu wa kupiga teke usingizini. Nilimpenda na mpaka leo ni rafiki yangu, kasimamia harusi yangu, lakini ule mtihani wa kwanza niliingia sijalala nikapata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Kanuni za vyuo zinakataza, na wote mnaweza kutolewa, aliyebeba na aliyebebwa. Kwaiyo ukipata kitanda amua mapema kabla hujaonewa huruma, maana anaekuomba atakuja na sura ya huruma kweli na sio mwongo.

Lingine ni kunguni. Pale kwetu walikuwa kwenye matundu ya chuma cha kitanda, sio kwenye godoro kama watu wanavyodhani. Siku ya kuingia kabla hujatandika, godoro liegemeze ukutani, washa tochi ya simu umulike kwenye maungio ya vile vyuma, ukiona vidoti vyeusi kama wino wa kalamu umeshapata wenyeji wako. Chemsha maji, mwagia maungio yote, anika godoro juani kutwa, ndo utandike. Na uwaambie rumeti mfanye wote siku moja, ukifanya peke yako unawahamisha tu kutoka kwako kwenda kwa jirani, kesho wanarudi na shukrani.

Kuhusu usiku usitembee peke yako ukitoka kusoma, tafuta wa kurudi nae mwenye ratiba kama yako, na mkiwa njiani simu iwe ndani ya begi sio sikioni. Hosteli yoyote utakayopangiwa hii haibadiliki. Na kitanda chagua cha juu, cha chini ndo benchi la wageni wote, utakuta mtu anakula karanga kwenye shuka lako.

kijana_wa_blok
Cha juu kama feni iko mbali lakini 😂

Binti_wa_Ipuli
Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mama nimemsomea. Hiyo ya CoICT sikuwa najua kabisaaa, nilijua UD yote iko sehemu moja, mjomba nimempigia nikamuuliza Kijitonyama akakaa kimya kidogo afu akasema "enzi zetu kompyuta hazikuwa nyingi hivyo". Nimempata dada wa mwaka wa pili kupitia shule yetu, kaniambia atanitumia ratiba yao, na yeye kasema Magufuli ukiipata ishikilie. Nitaomba hiyo, ikishindikana Hall, Mabibo iwe ya mwisho, samahani dada wa Mandela Road nitakuja kunywa uji. Mjomba kakubali kulipia kontrol namba ila kasema nimwandikie karatasi kwamba nitamrudishia bumu likitoka.

Swali la mwisho, ndoo na beseni ninunue huku Tabora au nije kununua Dar? Mama ameshaanza kupanga vitu na sasa hivi ana ndoo tatu.

Dada_wa_Mandela_Road
Njoo na moja yenye mfuniko, jaza mchele na karanga humo, ndo utakuwa umeitendea haki. Zingine ziache, Dar zimejaa. Andika jina kwa rangi ya mafuta, ubavuni na chini kwenye kitako, ubavuni watafuta.

mama_wawili_sasa
Na kufuli mbili, moja ya kabati moja ya ziada. Na asali. Tabora huwezi kuja mikono mitupu, rumeti watakupenda kabla hujajitambulisha.