UZI WA MALALAMIKO: Mafundi wa antena za 4G, nani kawaambia zote mbili zisimame wima?

Wakuu, leo sina maneno ya kupamba.

Pita mtaa wowote pembezoni mwa mji, tazama juu ya mabati. Yagi mbili (zile antena ndefu za vijiti vingi) kwenye bomba moja, vijiti vyote vimesimama wima, sambamba kama askari wa gwaride. Fundi kashuka ngazi, kamwonyesha mteja mistari mitano kwenye ruta, kachukua chake, kaondoka. Spidi? Ileile ya jana.

Mistari inaonyesha nguvu ya mawimbi tu! Paneli za mnarani hurusha mawimbi ya aina mbili kwa pamoja, moja limeinama nyuzi 45 kulia, jingine nyuzi 45 kushoto. Hiyo ndiyo polaraizesheni, na ndiyo maana ruta ina sehemu mbili za kuchomeka antena. Ukisimamisha zote wima, kila antena inaokota nusu tu ya nguvu ya kila wimbi, yaani desibeli 3 (dB, kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi) zimekwenda. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba zote mbili zinasikia mchanganyiko uleule, ruta inashindwa kuuchambua, inabaki na mkondo mmoja wa data badala ya miwili.

Katikati ya mji mawimbi yanagonga kuta na kugeukageuka, kwa hiyo kosa linajificha. Lakini antena ya nje ananunua nani? Mtu wa shamba, mnara anauona kwa macho, hakuna ghorofa hata moja njiani. Huyohuyo ndiye anayeumia.

Dawa ni bure: legeza nati za kishikio, moja ilaze 45 kulia, nyingine 45 kushoto, ukisimama mbele yake uone X. Zote zitazame mnara mmoja. Basi.

Tuje kwenye vile vibao vyeupe vinavyouzwa kwa jina la MIMO, yaani antena mbili za kubeba mikondo miwili ya data kwa pamoja. Fungua kifuniko: vipande viwili vya shaba, vyote wima. Vingine waya wa pili haujachomelewa popote! Na waya wenyewe ni RG174, mwembamba kama wa chaja. Kwenye masafa ya 1800 MHz unakula zaidi ya dB 1 kila mita. Vuta mita 5 uone kama kuna faida ya antena inayofika kwenye ruta.

Halafu vichwa vya waya. Kuna SMA na RP-SMA, kwa nje vinafanana. RP-SMA ni vya ruta za waifai. Kwenye ruta ya 4G yenye SMA kichwa hicho kinakaza vizuri kabisa, ila katikati ni tundu kwa tundu, hakuna pini. Chungulia kwanza.

Kabla hujamlipa fundi: hakikisha ruta imewekwa itumie antena ya nje, pima spidi, fungua waya mmoja, pima tena papo hapo. Urudishe, fungua wa pili, pima. Waya ambao ukiutoa hakibadiliki kitu, huo ni pambo.

Na nyie wenye maduka, mteja akiuliza vipande vya ndani vimekaaje, "hii orijino bosi" si jibu.